Mstari wa Yatima

Naandika haya kwa sababu yamekwisha kusemwa vibaya. Yamesemwa kisimani, yamesemwa kwenye mashine ya kusaga, na sina shaka yamesemwa hata juu ya boda boda kati ya Nambis na Mbulu mjini, njia ambayo habari haiwezi kupanda kilima chake bila kuongezewa mzigo. Imesemwa kwamba mke wangu alipofariki aliondoka na mbegu yake. Si kweli. Mbegu ile ilipatwa na jambo linaloelezeka, na anayepaswa kulieleza ni mimi, kwa kuwa lilipotokea hapakuwa na mtu mwingine nyumbani.

Mimi ni mtumishi wa umma mstaafu. Kazi yangu ilikuwa mimea na maradhi yake, na sehemu kubwa ya utumishi wangu niliifanya upande wa Hanang, huko Gitting, ambako viazi vikiguswa na ukungu asubuhi ya umande, shamba linaweza kunuka uozo kabla mwenyewe hajamaliza kubishana na wewe kwamba ni baridi tu. Nilipostaafu nilirudi Nambis, kwenye ardhi ya baba yangu, nikiamini kwamba mtu aliyekagua mashamba ya wenzake maisha yake yote atapumzika katika shamba lake. Sikujua kwamba shamba ni la yule aliyelilima wakati wewe ukikagua. Na aliyelilima ni mke wangu.

Alikuwa na kitunguu saumu chake. Nasema chake kwa usahihi, kwa maana alikuja nacho alipoolewa, kimefungwa kwenye ncha ya kanga, na hakikupata kuwa cha mtu mwingine. Kilikuwa kidogo, ganda lake lina wekundu wa udongo wetu, na ukali wake uliwafanya wachuuzi wafute macho na kuapa. Hakikuwa na jina katika orodha yoyote ya mbegu niliyopata kuishika kazini. Miaka ilivyokwenda, majirani wakahamia kwenye vile vyeupe vikubwa ambavyo wachuuzi wanavipenda, na chekundu kikabaki darini kwetu tu, juu ya jiko la kuni, kikipata moshi kila siku. Kabla ya hapo, aliyetaka mbegu alikuja kuomba. Alipewa mkononi, na akivuna alirudisha konzi moja. Hakuna aliyeandika. Jambo hilo lilinisumbua, naye lilimchekesha.

"Wewe ungependa waweke saini," aliniambia.

"Ningependa ijulikane nani anacho."

"Najua mimi nani anacho."

Alifariki katika masika, kitunguu kikiwa bado shambani. Nilikivuna peke yangu.

Hapa inanibidi nieleze desturi, kwa sababu msomaji wa mbali anaweza kuwadhania majirani zangu ukatili, na hilo nalo lingekuwa kumbukumbu mbovu. Kwetu sisi Wairaqw, wazee waliamini kwamba kifo kikiingia nyumbani hakitoki siku ya mazishi. Hubaki kwa muda katika vitu: katika moto, katika maji ya mtungi, katika mbegu. Kwa hiyo nyumba ile hutengwa. Haiombwi moto wala mbegu, na mtu wake hapiti katika shamba la mwenzake linalochipua. Kisha hufanyika yanayotakiwa, nyumba hufunguliwa, na maisha huendelea. Siku hizi sisi ni watu wa kanisa. Wengi husema wameyaacha hayo, na midomo yao imeyaacha kweli. Miguu yao inakumbuka. Mimi nilikataa kufanya yanayotakiwa. Nilisema mke wangu amezikwa kwa ibada kamili na kwamba hakuna uchafu wowote wa kusafishwa katika nyumba aliyoifagia yeye. Bado nasema hivyo. Lakini baada ya matanga kwisha, miguu ya watu ilianza kuishia kwenye ua wa minyaa.

Waliniamkia vizuri mno. Shikamoo zilikuja kutoka njiani zikiwa kamili, na marahaba yangu ilibidi niipaze ili ivuke ua. Waliendelea pia kuniuliza mambo ya kazi. Mtu angesimama nje na jani la maharage lenye madoa, akalinyanyua juu kama anayemwonyesha dereva tiketi, nami nikamwambia ni kutu au ni ugonjwa mwingine, na ang'oe yapi. Akashukuru, akaenda. Jani lenyewe halikuletwa ndani. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima iliyonibakia, na nilishikamana nayo.

Jiko la kuni nililifunga. Sikuweza kuingia mle na kuona kigoda alichokuwa akikalia mke wangu. Nilinunua jiko la gesi, nikalipikia chumbani kwangu uji, wali na chai. Hivyo dari ya jikoni ikakaa bila moshi tangu mavuno, ikapita vuli, na ukungu wa milimani, ambao kwetu huingia hata ndani ya mito ya kulalia, ukawa unaingia mle bila kukutana na kitu cha kuuzuia.

Nilipopanda kwa ngazi ya nje kutazama mbegu, niliisikia harufu kabla ya kuona. Vichwa vya juu vilikuwa vizuri. Vya kati, nilipovibonyeza, vilitoa vumbi la kijani lenye ubuluu, laini kama unga wa mashine, likanipanda puani. Nililijua. Ni kuvu ya ghala, ambayo huingia palipo na mchubuko na kula punje moja hadi nyingine huku ganda la nje likibaki zima na la kupendeza. Nilikaa juu ya ngazi kwa muda mrefu. Kisha nikashusha vyote uani, nikaanza kutenganisha.

Hapo ndipo shemeji yangu aliponiona. Huyu ni mdogo wa marehemu, ameolewa ng'ambo ya kijito, na maneno yake hayajapata kupita kwenye chujio.

"Shikamoo shemeji. Hivyo vimeoza?"

"Marahaba. Baadhi."

"Vya dada?"

"Vya dada yako."

Akavitazama vilivyomwagwa uani. Kisha akasema, si kwangu hasa, "Basi amekwenda navyo."

"Ni kuvu," nikasema. "Ni unyevu na kuvu. Ingia uone."

Hakuingia. "Shemeji, unyevu ulikuwepo miaka yote."

Kufikia Jumapili, maneno yale mawili, amekwenda navyo, yalikuwa yamekwisha kuwa habari kamili yenye mwanzo na mwisho. Nami nikaelewa ni nini hasa kilichokuwa hatarini. Iwapo mbegu ile isingeota, kitunguu chekundu kingekwisha duniani kwa kadiri ninavyojua. Na zaidi ya hapo, mwanamke aliyegawa mbegu maisha yake yote angekumbukwa kama maiti iliyoziua. Niliapa kwamba sitaruhusu. Mbegu ingeota, na majirani wangeiona ikiota, na neno lile lingerudi lilikotoka.

Katika hali hiyo ndipo nilipopata ujumbe wa simu kutoka kwa mtu niliyewahi kufanya naye kazi, kwamba kule Gitting kutakuwa na semina ya dawa za asili za kuvu. Nilipanda basi hadi Katesh, nikachukua boda boda kwenda juu. Mlima Hanang ulikuwa umejifunika, na mashamba niliyoyakagua zamani yalinipita pande zote mbili bila kunisalimu. Mzee wa kifugaji aliyekuwa akivusha ng'ombe barabarani alituchelewesha, akamwuliza kijana wa boda boda huyu babu anatafuta nini huku, nami nikasikia jibu: "Anasema anakwenda semina." Mzee akacheka hadi akaegemea fimbo yake. Nilijisikia nimekosewa adabu, ingawa sasa siwezi kusema ni nani aliyenikosea.

Haki lazima itendeke hata kwa mtu aliyekuudhi, kwa hiyo nasema wazi kwamba yale aliyoyaonyesha mtaalamu wa semina yalikuwa ya kweli. Alitundika shuka ukutani, akaturushia picha za sahani za maabara zilizojaa ukungu, na katikati ya kila sahani, pale lilipowekwa tone la mafuta ya mmea, palikuwa na duara safi. Mafuta ya karafuu. Mafuta ya mchaichai. Mafuta ya bangi mwitu, gugu ambalo tumelilaani mashambani tangu utoto. Si mafuta ya kupikia hayo. Ni ile harufu yenyewe ya jani, iliyotolewa kwa mvuke na kukusanywa, nayo huchoma ngozi ya kuvu hata ikashindwa kukua. Nilikuwa nimeyasoma zamani. Sikuwa nimeyaona. Duara lile lilinifurahisha kuliko kitu chochote tangu msiba.

Kisha nikanyanyua mkono.

"Mafuta haya yanaifanya nini mbegu yenyewe?"

"Swali zuri, mzee wangu. Hii ni asili. Asili haina madhara."

"Upupu nao ni wa asili. Jipake shingoni kisha uturudie."

Ukumbi ulicheka, akina mama wa nyuma zaidi ya wote. Mtaalamu naye akacheka, kwa kuwa alikuwa kijana mwenye malezi, lakini hakujibu. Nikauliza kipimo. Akasema kifuniko kimoja kwa ndoo. Nikauliza kifuniko cha chupa gani na ndoo ya ukubwa gani. "Ya kawaida, mzee." Hapo ndipo hasira yangu ilipo hadi leo, na siiondoi. Kwa utumishi wangu wote hatukumpa mkulima dawa bila kipimo, hata ile mbaya kuliko zote. Chupa yake ilikuwa na fuvu la kichwa na mifupa, na mkulima aliogopa. Sasa watu wanauza vichupa sokoni vyenye picha ya jani, havina kipimo, na mkulima anaambiwa asiogope kitu. Dawa isiyo na nguvu ya kudhuru haina nguvu ya kutibu pia. Nililisema hilo kwa sauti. Lilipigiwa makofi kidogo, tukaenda kula pilau.

Nilirudi nyumbani na azma. Mchaichai nilikuwa nao. Mke wangu aliupanda kwenye kingo zote za makinga maji ya shamba letu, ushike udongo, na ulikuwa umenenepa kwa kukosa mtu wa kuukata kwa chai. Nikatengeneza mtambo: sufuria kubwa ya shughuli yenye mfuniko, mfuniko nikautoboa, mrija wa shaba nikaupitisha katika ndoo ya maji baridi, na unga wa ngano uliokandwa kuziba pale mvuke ulipotaka kutoroka. Niliuweka uani, juu ya mafiga. Kwa mara ya kwanza tangu mavuno moshi ulipanda kutoka nyumbani kwangu.

Ulionekana. Mtendaji wa kijiji alifika na mgambo. Mgambo alisimama kwenye minyaa. Mtendaji, kwa kuwa ni mgeni wa huku na hajui miguu yetu, akaingia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu."

Alitazama sufuria, akatazama mrija, akatazama chupa iliyokuwa ikipokea matone. Akaonekana kuona aibu kwa niaba yangu.

"Mzee, nimepokea taarifa. Watu wanasema, unajua, upweke... mtu anaweza kuanza kupika vitu."

"Vitu gani?"

"Gongo, mzee."

Sijawahi kutukanwa kwa upole kiasi kile. Nikamwambia anuse. Akanusa.

"Inanukia chai."

"Ni mchaichai."

"Gongo ya mchaichai?"

"Chovya kidole uonje, kisha uandike unachotaka."

Akachovya, akaweka ulimini. Macho yalimjaa maji, akashika goti langu kama mtoto. Kutoka kwenye minyaa mgambo akapaza sauti: "Mtendaji, ukilewa hatukubebi! Kilima hicho kikali!"

"Hii hainyweki," mtendaji akasema alipopata pumzi.

"Ndivyo nilivyokuwa nikikueleza."

Nikawaeleza kuhusu kuvu. Nikaeleza kwa ukamilifu, labda kupita kiasi; nilimwonyesha mtendaji jinsi mafuta yanavyoelea juu ya maji, nikamtaka aangalie rangi yake ya manjano iliyokolea. Nikamkaribisha chai. Akasema ana kikao. Walipokuwa wakishuka niliwasikia wakicheka, na ukweli ni kwamba nilikuwa nimefedheheshwa uani kwangu, na bado nilitamani wangekaa zaidi kidogo.

Mbegu niliipasua vichwa, nikatupa punje zote zenye alama ya ugonjwa, nikabaki na zilizo safi kwa macho. Lakini macho hayaoni kuvu kabla haijachanua. Hizo nilizigawa. Nyingi niliziweka katika pipa la plastiki, nikazipishanisha na vitambaa vilivyoloa mafuta, nikafunga mfuniko ili harufu ifanye kazi yake. Chache niliziacha bila kitu chochote, katika kikapu kilichoning'inia kwenye boriti ya baraza.

Kuacha sehemu bila dawa ni kanuni. Usipoiacha, hutajua iwapo ni dawa iliyoponya au ni mvua, au ni Mungu tu. Katika kila shamba la majaribio nililopata kulisimamia palikuwa na mstari usioguswa, na mke wangu, aliyewahi kunisindikiza Gitting tulipokuwa bado vijana, alisimama mbele ya mstari mmoja wa namna hiyo, mikono kiunoni.

"Na hawa wamekosa nini?"

"Hawajakosa. Ni wa kulinganishia."

"Wenzao wanapata dawa, wao wanatazama tu."

"Ndiyo maana yake."

"Basi ni mstari wa yatima," akasema. Tangu siku ile, kila nilipotoka kazini angeniuliza yatima wangu wanaendeleaje.

Nilishawishika kuwawekea yatima zile punje nyembamba, nizipe dawa zile nene zote. Hakuna ambaye angejua. Lakini kulinganisha ni kulinganisha. Nikafumba macho, nikachota bila kuchagua, na nilichochota ndicho nilichoweka kikapuni.

Kuhusu kipimo, kwa kuwa sikupewa, nilikadiria. Kisha nikaongeza. Sikuongeza kwa ujinga. Niliongeza kwa sababu nilikumbuka lile vumbi la kijani na lile neno la shemeji, nami sikutaka hata punje moja ioze mbele ya macho ya watu. Na pipa nililolifunga nilipaswa kulifungua baada ya muda mfupi. Sikulifungua. Mbegu hupumua, nimelifundisha jambo hilo kwa watu wengi kuliko ninavyoweza kuwakumbuka. Lakini nyumbani hapakuwa na mtu wa kupita kando ya pipa akauliza lina nini. Kila asubuhi nililipapasa, nikasikia harufu safi kwenye ukingo wa mfuniko, nikaridhika, nikaenda zangu.

Masika yalipoanza nilipanda. Punje zilizotoka katika pipa zilikuwa nzuri kama za kuchora: hazina doa, ngumu, ganda linang'aa, na mikono yangu ilinukia mchaichai hadi kwenye chakula. Zilizotoka kikapuni zilinihuzunisha. Nyingine zilikuwa zimekwisha kuota vumbi la kijani, nikazitupa; zilizobaki nilizipanda mwisho wa shamba, karibu na ua. Kisha nikangoja, na naamini upande wa pili wa ua nao ulikuwa unangoja.

Wa kwanza kuota walikuwa yatima. Nilichukulia kwamba ni bahati ya udongo wa pembeni. Walitokeza huku na huku, mmoja, kisha pengo, kisha wawili, majani membamba yaliyosimama kama sindano. Matuta ya katikati yalikuwa tulivu. Mvua ilinyesha vizuri, yakazidi kuwa tulivu. Majani ya yatima yalipofika urefu wa kidole nilichukua kijiti, nikapiga magoti, nikafukua tuta la kwanza.

Punje ilikuwa safi. Haikuwa na kuvu hata chembe. Nilipoipasua kwa ukucha, kile kichipukizi cha ndani, ambacho kilipaswa kuwa cha kijani, kilikuwa kahawia na kimesinyaa, na kitakoni, pa kutokea mizizi, palikuwa pameungua. Ilinukia mchaichai. Nikafukua ya pili na ya tatu, nikaenda tuta jingine, na jingine. Zote zilikuwa hivyo: safi, ngumu, zenye kunukia, na zimekufa.

"Tulisema, shemeji." Alikuwa kwenye minyaa, na mtungi wake kichwani. Sauti yake haikuwa ya ushindi. Ilikuwa ya mtu anayelia na hataki kuonekana. "Tulisema amekwenda nazo. Ungekubali tu yafanyike yanayotakiwa."

Nilikuwa na punje ile mkononi. Alingoja kidogo, kisha akaenda.

Nataka ieleweke kwamba nilikuwa na njia iliyo rahisi. Ningenyamaza. Watu wangeendelea kusema ni kifo, nami ningebaki mtaalamu. Wangeendelea kunyanyua majani yao nje ya ua, nami ningeendelea kuyasoma. Hakuna mtu wa Nambis aliyejua kwamba mafuta yanaweza kuua kichipukizi. Waliosikia habari ya semina walisikia kwamba asili haina madhara. Nilikaa na njia hiyo rahisi majira yote ya mvua, nikipalilia yatima. Nilipalilia kwa mkono, kwa vidole, kwa kuwa walikuwa wachache na jembe lina haraka. Nyakati nyingine niligundua kwamba nimekuwa nikizungumza nao. Niliwaambia yaliyosemwa kwenye redio.

Vitunguu vilipokauka majani nikaving'oa. Vilikuwa vidogo, vyekundu, vikali. Vilitosha kusuka fungu moja zuri na kubaki na mbegu.

Jumapili ya mavuno, kanisani kwetu, kila nyumba huleta kitu: kuku, debe la mahindi, mayai, mkungu wa ndizi kwa mwenye bahati. Baada ya ibada watu hutoka nje, na mzee wa kanisa, ambaye angekuwa dalali asingeokoka, huvipiga mnada. Nilipeleka fungu langu. Niliona kwamba mkono uliolipokea kutoka kwangu ulikuwa umefunikwa na kitenge.

Kuku walinunuliwa kwa kelele. Jogoo mmoja alirudishwa mnadani na kila aliyemnunua, hadi akaonekana kuchoka na sadaka. Kisha mzee akanyanyua kitunguu saumu.

"Haya, chekundu hiki! Cha kienyeji! Hiki ukitia kwenye supu hata mgonjwa anaamka kudai nyama! Nani anaanza?"

Hakuna aliyeanza.

"Jamani. Nani anaanza?"

Watu walitazama viatu vyao. Mzee alilizungusha fungu hewani, akalishusha kidogo, na nikaona anatafuta jinsi ya kulipita bila kuniaibisha. Alikuwa anaanza kusema kwamba labda liende kwa mchungaji. Hapo nikasimama.

Nimehutubia mikutano mingi, na kila mara nilikuwa na karatasi. Siku ile sikuwa nayo. Nikasema: "Naomba kurekebisha kumbukumbu. Imesemwa kwamba marehemu mke wangu aliondoka na mbegu. Mbegu ya darini iliharibiwa na kuvu, kwa sababu niliuzima moto wa jiko lake. Iliyobaki niliitia mafuta ya mchaichai. Mafuta yaliua kuvu, hilo liwe wazi, yanaua kweli. Na mbegu yakaiua, kwa sababu niliyazidisha na nikafunika pipa nikaacha. Niliiua mimi, mwenye cheti. Ile ambayo sikuigusa iliota yenyewe. Ndiyo hiyo mnayoiona. Imetoka katika nyumba ileile, katika udongo uleule, na mikono ileile ya mfiwa ndiyo iliyoipanda. Kama kifo kingekuwa ndani ya mbegu, kingeanza na hiyo."

Kisha kutoka upande wa akina mama:

"Shemeji!"

"Naam."

"Kwa hiyo uliipaka marashi?"

Mtu mmoja akacheka, kisha wengine. Nilisimama ndani ya kicheko kile mikono ikiwa pembeni, kama inavyotakiwa. Shemeji akapita katikati ya watu hadi kwa mzee, akalichukua fungu, akalisogeza puani akavuta pumzi ndefu, kwa dharau yote ya mnunuzi wa sokoni.

"Hili halina marashi?"

"Halina. Hilo ni la mstari wa yatima."

Neno hilo alilijua. Dada yake alikuwa amemsimulia. Uso wake ulibadilika, akaligeukia fungu kama aliyekutana na mtu. Akasema, "Naanza mimi." Mzee akauliza nani anaongeza, na hakuna aliyeongeza, na hivyo kwa kukosa mpinzani likawa lake. Mikono yake haikuwa imefunikwa na kitu. Alinyofoa kichwa kimoja palepale, akakifunga kwenye ncha ya kanga.

"Hivi vingine ni vya supu," akaniambia. "Hiki nakipanda. Nikivuna nitakurudishia konzi. Na wewe usiniandikie popote."

Sikumwandikia popote, isipokuwa hapa.

Sitaki isomwe kwamba tangu hapo nyumba yangu imejaa watu. Haijajaa. Shikamoo nyingi bado zinatoka njiani. Wenye majani ya maharage wamepungua. Wanakwenda kumwuliza kijana wa duka la pembejeo mjini, na yawezekana wana sababu. Chupa ya mafuta ipo rafuni, imebaki zaidi ya nusu. Msimu huu nitajaribu tena kwa punje chache, kitambaa kimoja, tone dogo, na pipa nitaliacha wazi mchana. Kipimo kikipatikana nitakiandika, ukubwa wa ndoo ukiwemo.

Mbegu niliyobaki nayo imerudi darini. Jioni ya siku ile ya mnada nilifungua jiko, nikafuta kigoda, nikawasha kuni. Zilikuwa zimekaa sana, hazikutaka kushika, na moshi ulijaa mle ndani hadi nikashindwa kuona mlango. Zamani ningelalamika, na kuna sauti ambayo ingenijibu kwamba anayeogopa moshi akale ofisini. Nilikohoa. Nikakaa kwenye kigoda, nikachochea, na moshi ukapanda wenyewe kati ya mbao kwenda kwenye vichwa vyekundu vya juu.

Huwa nawasha kila jioni sasa. Chai naipikia humo.